Noti Moja kwa Dakika Arobaini

Kulala kanisani halikuwa jambo geni kwa washarika wa kanisa lile kongwe. Jambo geni lilikuwa kulala chali. Jumamosi hiyo, saa kumi kasorobo alasiri, Mama Pedali, mpigaji wa kinanda cha mabomba, alichungulia kutoka roshani yake akaona watu wazima na mvi zao wakivua viatu mlangoni kana kwamba wamefika nyumbani kwao, wakitandika mikeka katikati ya kanisa, pale pale wanapopita maharusi na majeneza, kisha wakijinyoosha na kukodolea macho dari. Mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa alikuja na mto wake. Mzee mmoja alijifunika shuka mpaka kidevuni, akafumba macho, akabaki hivyo kama anayesubiri kuagwa.

Wifi yake, aliyekuwa amesimama kando ya kinanda akihema baada ya ngazi, alikumbusha kwamba mwanawe aliwahi kufinywa sikio na mzee wa kanisa kwa kusinzia tu mahali hapo, na leo watu wanaingia na mashuka. Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mume wake na kiongozi wa sauti ya pili, na Mungu hakumjalia sauti ya kunong'onea. Alichokisema roshani kilifika madhabahuni, na kwa kuwa kuta za kanisa ni za mawe manene, zilizojengwa na watu ambao nao wameshalala zaidi ya karne sasa, kikarudi tena roshani baada ya muda. Mzee wa shuka alifumbua jicho moja.

Kuta hizo ndizo zilizomleta mgeni. Alikuwa mwanamuziki mwenye jina kubwa huko nje, na muziki wake haukuwa na ngoma, wala maneno, wala mahali unapoanzia. Mchungaji aliwaeleza washarika kwamba ni muziki wa kutuliza nafsi, hujaza chumba polepole kama mvuke wa sufuria, na kwamba mtu hausikilizi bali anakaa ndani yake. Kwaya iliagizwa ije kama wenyeji, ivae sare, ikae viti vya nyuma na isiimbe. Hilo la kutoimba Mchungaji alilirudia mara tatu akimtazama Wifi. Mgeni mwenyewe alifika Alhamisi na masanduku manne ya nyaya, akazitandaza mbele ya madhabahu mpaka mahali pakawa hapakanyagiki, na kabla ya magharibi ya siku ile ile kwaya ilikwisha kumbatiza Bwana Nyaya.

Sasa, Mama Pedali alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa nzito kwa mtu wa kazi yake. Alikuwa hasikii.

Si kwamba alikuwa kiziwi wa kupigiwa kelele. Wanaume aliwasikia, Wifi alimsikia kama alivyosikiwa na mtaa mzima, na wenye sauti laini aliwasoma midomo. Lakini sauti za juu zilikuwa zimemhama moja moja, kama wapangaji wasioaga. Kwanza iliondoka kengele ya simu. Kisha ndege wa asubuhi. Mwaka wa tatu sasa, nusu nzima ya juu ya kinanda ilikuwa imenyamaza kwake. Alibonyeza, kidole kikamwambia kimebonyeza, kumbukumbu ikamwambia kilichotoka, naye akaendelea. Za chini alizipata kwa miguu na kwa makalio, kupitia ubao wa kiti, na hizo hazikuwahi kumdanganya.

Hakumwambia mtu, hata daktari. Aliogopa, basi. Miaka arobaini na mmoja amekaa kwenye kiti kile, mume amezikwa, watoto wako mbali na maisha yao, na nyumbani kwake kuna vyumba viwili na saa ya mezani. Roshani ndiyo mahali pekee palipomngoja. Na alikwisha kuona walivyomfanyia mzee wa mlangoni macho yalipofifia: kamati ya kanisa ilimwita mbele, ikampigia makofi, ikampa saa ya ukutani na cheti chenye jina lililokosewa, na Jumapili iliyofuata mtu mwingine alikuwa mlangoni. Mama Pedali alikula kiapo kwamba saa hiyo ya ukutani hawatampa.

Kwa hiyo alijipanga. Juu ya kinanda palikuwa na kioo cha kumwonyesha madhabahu, naye alikitumia kuliko dereva wa lori. Alijua Mchungaji akikunja karatasi, mahubiri yamekwisha. Alijua kwaya ikivuta pumzi, ubeti unaanza. Alijiona mjanja, tena mjanja wa kupindukia, na nyakati nyingine njiani kurudi nyumbani alitabasamu peke yake.

Kilichomkera kwenye mpango wake mzuri kilikuwa kitu kimoja tu: Besi. Huyu alikuwa muuza nyama, mkubwa wa mwili, na siku za ibada alisimama ubavuni mwa kinanda pale roshani na kuimba sauti ya nne. Tatizo lake ni kukanyaga. Sala ikifika mwisho, gwi. Ubeti ukikaribia, gwi. Sakafu ya roshani ni ya mbao, na kila akishusha lile guu kiti kizima kilitetemeka. Mama Pedali alimgombeza Jumapili baada ya Jumapili, mbele za watu, kwamba aende akachinjie ng'ombe huko huko buchani. Besi alikuwa akiinamisha kichwa na kusema, "Nisamehe, mama, ni mguu." Na Jumapili iliyofuata, gwi.

Alhamisi hiyo, Bwana Nyaya alipokuja kupima mitambo yake, alipanda roshani na kipande cha chuma mkononi, kikubwa kama mche wa sabuni. Alieleza kwa adabu kwamba anahitaji noti moja tu ya kinanda, ile ya chini kabisa, ilie bila kukatika kama dakika arobaini. Chuma kitakaa juu ya pedali, kile kibao cha kukanyagia noti za chini. Mama naye atashuka akapumzike na wenzake.

Mama Pedali alikitazama kile chuma. Alimtazama na mwenye chuma.

"Mwanangu," alisema, "miaka arobaini na mmoja hapa hapajakanyagwa na chuma. Kama ni kukanyaga, nitakanyaga mimi."

Bwana Nyaya hakubishana. Alikitia chuma mfukoni, suruali ikamshuka upande mmoja, kisha akaanza kueleza yale ambayo chuma hakingehitaji kuelezwa. Juu ya noti ya kinanda, alisema, yeye ataweka sauti nyingine, ya juu sana, nyembamba kama uzi. Uzi huo utaendelea kupungua na kupungua mpaka utoweke. Utakapotoweka, papo hapo, Mama aachie pedali. Asitangulie, asichelewe. Hapo patafuata dakika nzima ya kimya, na kimya hicho ndicho kazi yenyewe. Amekitafuta miezi kumi.

Mama Pedali aliuliza, kama mtu anayeuliza kwa kupita tu, kama yeye ataweza kuinua mkono muda ukifika. Bwana Nyaya alitikisa kichwa kwa huzuni. Mkono utaharibu, saa itaharibu, kwa sababu hata yeye hajui kama itakuwa dakika ya thelathini na nane au arobaini na tatu. Kuta ndizo zitakazoamua.

"Wewe sikiliza tu," alisema. "Ukisikia imekwisha, achia."

Alijibu kwamba hakuna shida. Alirudi nyumbani akalala macho wazi, akijilaumu. Angekubali chuma, Bwana Nyaya mwenyewe angepanda kukiondoa, na mambo yangeishia hapo. Kiburi chake kilikuwa kimemtoa kwenye kiti cha watazamaji na kumweka mbele ya watu mia mbili afanye jambo moja pekee ambalo hawezi.

Basi, saa kumi ikagonga. Bwana Nyaya aliwaeleza watu wote habari ya ule uzi, na ya pedali itakayoachiwa papo hapo utakapotoweka. Taa zikazimwa, ikabaki moja ndogo juu ya masanduku ya Bwana Nyaya, na mwanga wa madirisha ya rangi ukiwaangukia waliolala. Wifi aliteremka kwenda kukaa na kwaya nyuma, kwenye viti vya pembeni vinavyotazama katikati, mahali kioo kinapofika. Mama Pedali aliwasha feni ya kinanda, akapeleka mguu wa kushoto kwenye pedali ya mwisho, akakanyaga. Mtetemo ulimpanda mgongoni, mzito na mzuri, na kwa kitambo alifurahi kabisa.

Furaha haikukaa. Dakika ya kumi mguu ulianza kuchomwachomwa. Dakika ya ishirini ulikufa ganzi, akawa anajua uko kwenye pedali kwa kuutazama tu. Kwenye kioo alitafuta msaada. Bwana Nyaya alikuwa amefumba macho na mikono kaiweka mapajani, hagusi chochote, kiasi kwamba mtu angejiuliza anafanya kazi gani pale. Waliolala nao walikuwa wamefumba macho. Alitafuta kwaya: vichwa sita vilikuwa vimeangukia vifuani, na Wifi, mdomo wazi, alikuwa amelaza shavu kwenye bega la mke wa Mchungaji. Hakukuwa na uso hata mmoja wa kusoma.

Alijaribu kusikia. Alikaza shingo, akabana pumzi, akaitafuta sauti ile nyembamba kila kona ya kichwa chake, na alichokipata ni damu yake mwenyewe ikipita. Pengine uzi ulikuwa bado upo. Pengine ulikwisha zamani na watu wote mle ndani wanamngoja yeye, wanamshangaa. Jasho lilimtiririka mpaka kiunoni. Alifikiri kuachia tu, liwalo na liwe. Alifikiri kujiangusha kitini na kusingizia presha.

Hapo ndipo alipoona kwenye kioo kwamba Besi amesimama. Muuza nyama alitoka kwenye kiti chake akiwa na soksi tu, viatu mkononi, akanyata na kupotelea chini ya roshani. Mama Pedali alidhani anakwenda chooni. Kisha kiti kikamwambia kwamba mtu anapanda ngazi, mtu mzito, anayejitahidi kutoonekana mzito.

Besi alitokeza. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka kidole gumba. Mama Pedali alimtolea macho, akamwonyesha ngazi kwa kidole, akatamka bila sauti kwamba ashuke. Besi hakumtazama. Alikaa kwenye ngazi ya juu, akavaa kiatu kimoja, cha kulia, akafunga kamba taratibu kama ana siku nzima. Kisha akaenda kusimama mahali pake pale pale pa kila Jumapili, akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

Alisikiliza muda mrefu. Halafu akainua mguu wa kulia, akaushusha.

Gwi.

Mguu wa Mama Pedali uliruka kutoka kwenye pedali kabla hajafikiri lolote. Uliruka wenyewe, ganzi na yote. Kinanda kikanyamaza.

Chini, mwanamke wa miwani aliketi ghafla na mto wake kifuani. Mzee wa shuka alifumbua macho yote mawili na kutazama huku na huku, inaelekea hakutarajia kujikuta hai. Kisha kila mtu akarudi kulala, na dakika ya kimya ya Bwana Nyaya ikaanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Mama Pedali alisikia kile kile walichosikia wengine wote.

Aliitumia dakika hiyo kuutazama mguu wake. Uliruka bila kuuliza. Uliwezaje kujua? Uliuzoea ule mshindo. Kila Jumapili, sala ikifika mwisho. Kila Jumapili, ubeti ukikaribia. Kumbe si Mchungaji kukunja karatasi, wala kwaya kuvuta pumzi, wala kioo. Miaka mitatu amekuwa akiongozwa kwa kiatu, na kwa shukrani akamtukana mwenye kiatu mbele ya watu. Aibu ilimjia kwanza, halafu hasira, na nyuma yake yakaja machozi, ambayo hakuyaita.

Makofi yalipopigwa, Bwana Nyaya hakuinama kuyapokea. Alikuja moja kwa moja nyuma, akaruka mikeka, akamuuliza Mchungaji kwa sauti ya upole inayotisha ni nani aliyepiga kishindo. Mchungaji hakuhitaji kuuliza. Besi alikuwa anashuka ngazi, kiatu kimoja mguuni, kingine kwapani.

"Ni mimi," alisema. "Mguu ulikufa ganzi."

Mchungaji alivuta pumzi ndefu. Alisema mguu huo wameuombea kila Jumatano, mwaka wa pili sasa, na yeye binafsi aliufungia siku tatu. Lakini leo umewaaibisha mbele ya mgeni. Labda ndugu yetu apumzike kwaya kwanza, mpaka atakapopona.

"Sawa, Mchungaji," Besi alijibu, na kuinama kuvaa kiatu cha pili.

Mama Pedali alikuwa amefika ngazi ya mwisho, anachechemea. Wote walimpisha. Hakuna aliyemtazama kwa namna ya kumshuku. Angeweza kunyamaza, Besi angepumzika na mguu wake mzima, na yeye kesho angepanda roshani kama kawaida. Alilifikiri hilo. Alilifikiri vizuri tu, wala hakujificha kwamba linavutia.

"Mguu wake hauna kitu," alisema. "Masikio yangu ndiyo mabovu. Sisikii za juu, mwaka wa tatu huu. Yeye amekuwa akinikanyagia."

Alingoja washangae. Hakushangaa mtu, isipokuwa Mchungaji, aliyebaki mdomo wazi akiuhesabu ule mfungo wake wa siku tatu. Kwaya ilitazama sakafu. Mmoja alijikuna shingo.

"Tunajua, wifi," alisema Wifi.

"Mnajua nani na nani?"

"Sote. Na mke wa Mchungaji."

Mchungaji alimgeukia mkewe, naye mkewe akaanza kukunja shuka la mtu mwingine.

Mama Pedali aliwauliza kwa nini hawakumwambia. Wifi alisema wangemwambia angeacha, kichwa chake kinajulikana. Akiacha kamati itawaletea kile kinanda cha plastiki chenye ngoma ndani, na yeye kwa umri wake hayuko tayari kuimbishwa na kitu kinachozimwa kwa rimoti. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa hasemi yote, na macho yake yalikuwa yamelowa. Bwana Nyaya, aliyekuwa bado amesimama pale, alitaja kwa upole kwamba chuma kisingeleta maneno haya. Mama Pedali alikubali kuwa kisingeleta. Bwana Nyaya akafikiri kidogo, akaongeza kwamba, hata hivyo, pedali iliachiwa pale pale ilipotakiwa, na akaenda kukusanya nyaya zake.

Mchungaji alisema suala hili itabidi lifike kwenye kamati, Jumanne. Mama Pedali alimwambia alifikishe, tena aseme yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa, na kwamba akipatikana mtu wa kufundishwa kinanda atamfundisha kuanzia hiyo hiyo Jumanne. Lakini kesho ni Jumapili na hakuna mwingine. Kwaya yote ipande juu.

Walipanda. Aliketi kwenye kiti chake, akachukua penseli na karatasi ya ratiba ya nyimbo, akawaambia wamtajie kila alichokosea tangu masikio yalipoanza, bila kumwonea haya. Mwanzoni walisukumana. Kisha mmoja akataja wimbo wa mavuno uliopigwa kwa kasi ya watu wanaokimbia mvua. Mwingine akataja mwaka mpya, alipoanza wimbo wakati Mchungaji bado yuko katikati ya sala, na Bwana Mungu akaachwa njiani. Baada ya hapo hawakuhitaji kuombwa. Walimwaga yote, wakasahihishana, wakaigizana, wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akaandika, na karatasi ikajaa upande mmoja akaigeuza. Iliuma. Aliendelea kuandika.

Ni Besi pekee aliyekuwa hajasema. Mama Pedali alimwambia zamu yake imefika, na kwamba yeye ndiye mwenye haki kuliko wote.

Besi alisema hana.

"Sema."

Muuza nyama alitazama ukutani. Alisema ni siku ya mazishi ya mzee, mume wa Mama. Wimbo wa kuaga. Kuna bomba moja la kinanda, la noti ya juu, lilikuwa limepasuka, likawa linalia vibaya, kama paka amebanwa na mlango, na noti ile imo kwenye kila mstari wa wimbo ule. Yeye Mama hakulisikia. Aliupiga wimbo mzima, beti zote tano.

Mama Pedali aliikumbuka siku hiyo vizuri. Watu walimwambia miezi mingi baadaye jinsi kwaya ilivyoimba, kwamba paa lilitaka kung'oka, kwamba hawajawahi kusikia mtu akiagwa kwa nguvu namna ile. Maneno hayo amelala nayo miaka mitatu.

"Mkafanyaje?" aliuliza, ingawa hakuhitaji.

"Tuliimba kwa nguvu," alisema Wifi, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Mama Pedali akalazimika kuisoma mdomoni. "Usiaibike mbele ya kaka."

Aliuliza ni noti gani. Besi alimwonyesha. Aliuliza kama bomba limetengenezwa, wakasema lingetengenezwaje bila yeye kujua. Mama Pedali aliweka kidole kwenye noti ile, akabonyeza, akageuka kuwatazama. Yeye hakusikia kitu. Lakini nyuso zote, kuanzia Wifi mpaka Besi, zilijikunja kwa pamoja kama za watu waliouma limau, na walikuwa wanajitahidi zisijikunje. Alicheka. Alicheka na machozi yakimtoka, kidole bado kikiwa pale pale, mpaka Wifi akamwomba kwa jina la Mungu akiondoe.

Alikiondoa. Aliipigia mstari noti ile kwa penseli kwenye kitabu chake, ili kesho airuke, akafungua wimbo wa kuaga, akamwambia Besi asimame mahali pake. Kisha akawaambia waimbe, na waimbe kwa sauti zao za kawaida tu.